Nilipojiita Somo

Du. Kimya kidogo. Du, du. Halafu kiganja kikapita juu ya ngozi ya ngoma, shaaa, kama mtu anayefuta vumbi mezani, kisha ikaja du moja nzito iliyonipiga hapa chini ya mbavu hata mguu sijautoa garini. Sauti hiyo mpaka leo nnaisikia. Nnaweza kuwa nnakosha vikombe, nnaweza kuwa nimekaa kitako na watu tunacheka, inakuja yenyewe. Ni sauti ya msondo unaojaribiwa na mtu anayeujua, na msondo kwetu Unguja haupigwi ovyo, ni ngoma ya wanawake, ya kumcheza mwari anayekaribia kuolewa, na siku ile ulikuwa unapigwa ndani ya darasa la skuli ya sekondari, Jumamosi asubuhi, kwa sababu yangu mimi.

Naona haya kuhadithia, wallahi naona haya, lakini najua mkasa wenyewe mmeshausikia vipande vipande, na kila anayeusimulia anautia chumvi yake (kuna aliyesema nilicheza mpaka nikazimia, jambo ambalo si kweli, sikucheza hata hatua moja), basi bora muupate kwangu mwenyewe na aibu yake yote. Aibu ni yangu, lakini hasara ilimpata mwengine, na hilo ndilo linaloniuma.

Mimi, kama mnavyonijua, nnafanya kazi kwenye kituo kimoja kidogo cha kompyuta Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya ghorofa yenye ngazi za mbao zinazolia kila ukizikanyaga. Nnafungua milango, nnafagia, nnapika chai, nnapokea wageni. Skuli nilifika kidato cha nne, hisabati ikanikataa na mimi nikaikataa, tukaachana bila ya ugomvi. Mwenye kituo ni Bi Nasra, mhandisi wa umeme, mwanamke mpole ambaye neno lake moja linatosha pale mimi nnapotumia kumi. Wanafunzi wakiwa ndani mimi nasimama mlangoni na sinia la chai mpaka chai inapoa, nnawatazama watoto wa kike wanavyounganisha nyaya na taa inavyowaka na nyuso zao zinavyowaka, na nnajiona nimesimama mbele ya wasichana tele, nnawaambia maneno fulani matamu, na kwa maneno hayo wote wanakuwa wahandisi na madaktari na marubani. Maneno yenyewe nilikuwa siyajui. Niliona yatakuja yenyewe siku ikifika. Yakaja.

Sasa kuna mtoto mmoja Jambiani anaitwa Zuwena, jina langu hasa. Baba yake ni Bwana Haji, mwashi. Mama yake alifariki yeye bado mdogo, akalelewa na baba na mtaa mzima, kila nyumba pale ina sahani yake. Nilimjua siku niliyokwenda kumtazama mama yangu mdogo Arafa, ambaye analima mwani huko. Tumekaa ndani tunakula, mara king'ora kikalia nje, kikali kama cha Vespa inayoibiwa, na wanawake wote wa mtaa wakatoka mbio, si kumkamata mwizi bali kuanua mwani. Mvua ilikuwa haijanyesha, inatonya tu. Kumbe yule mtoto alichukua king'ora cha Vespa iliyokufa, akakitia betri, akazilaza nyaya mbili ndani ya kitambaa chenye chumvi bila ya kugusana, tone likiingia kitambaani nyaya zinapatana na king'ora kinalia. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema hapana mtu, mwani ukiroa unaharibika na yeye kachoka kuona watu wanalia, basi.

Nikampenda pale pale. Nikamwambia, kumbe wewe ni somo yangu, maana kwetu mtu mwenye jina lako ndiye somo yako, na tangu siku hiyo yeye ananiita Somo na mimi nnamwita Somo, neno tamu, halina ubaya wowote (ngojeni).

Niliporudi mjini nikamhadithia Bi Nasra. Kwa likizo iliyokuwa inakuja kituo kilikuwa kinaandaa mafunzo ya wiki mbili kwa wasichana wa sekondari, ya umeme mdogo mdogo na kompyuta, na Bi Nasra akasema nafasi moja tumwekee mtoto huyo, na kabla yake twende skulini kwao Jumamosi moja tukawaoneshe wasichana wote wa pale kwamba mambo haya yana njia na njia zenyewe zi wazi kwao.

Kazi ilikuwa kwa baba. Bwana Haji ana maneno machache na wasiwasi mwingi. Tulikwenda mimi na Bi Nasra tukakaa barazani kwake, tukamweleza kwamba Zuwena atalala kwetu Michenzani, chumba kimoja na mimi, na mama yangu yupo, na atakwenda kituoni na kurudi na mimi. Akabandua saruji kavu mikononi mwake, akasema yeye hamkatazi mtoto kusoma.

"Nnachoogopa ni midomo ya watu," akasema. "Mtoto wa kike hana mama, akitoka kidogo tu pana maneno. Nyinyi mkinihakikishia kwamba maneno hayatokuwepo, mchukueni."

Ni mimi niliyesema, mbio mbio, na mkono kifuani, "Baba, hilo niachie mimi."

Basi Bi Nasra akaandika tangazo la siku ile ya skulini. Lilisema kwamba kituo kitatoa utambulisho wa fursa za sayansi na teknolojia kwa wanafunzi wa kike, na wazazi wanakaribishwa. Akanambia nilipeleke kama lilivyo kwenye grupu la Wasapu la kinamama wa mtaa ule. Mama mdogo alikuwa kenda Pemba kuuguza, lakini kwenye grupu alishaniingiza zamani. Nikalisoma tangazo, nikalirudia, likanikwama kooni kama mkate mkavu. Nikajiambia, mama gani ataacha mwani wake kwa ajili ya utambulisho wa fursa? Watu wanataka kuambiwa kwa moyo. Nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikatia sauti ya asali, nikarikodi voisi. Uamuzi wangu mdogo ulikuwa huo tu, nao naukumbuka neno kwa neno, kwa sababu baadaye nililazimika kuusikiliza mbele za watu:

"Asalaam alaykum mama zangu. Mimi ni somo yake Zuwena wa Bwana Haji. Jumamosi nnakuja skulini na bibi mmoja wa mjini, fundi hasa, kazi yake hiyo. Tutawaweka ndani hawa wanawari wetu, tufunge milango na madirisha, tuwafunze yale ambayo skuli hawafunzwi, maana wakati wao ushafika na dunia haimngoji mtu. Wanaume siku hiyo hatuwataki. Na huyu somo yangu mimi mwenyewe nshamsimamia. Skuli ikifungwa nnamchukua, nnakwenda kukaa naye ndani wiki mbili, akirudi hamtomjua."

Kila neno lilikuwa na sababu yake. Wanaume sikuwataka kwa sababu wavulana wakiona kompyuta wanaipapia na wasichana wanabaki kuwashikia mikoba. Madirisha yafungwe kwa sababu projekta haitaki mwanga. Lakini hebu isikilizeni voisi hiyo kwa masikio ya mama wa shamba, maana somo kwetu si mwenye jina lako tu, somo vile vile ni yule mwanamke mtu mzima anayepewa msichana akikaribia kuolewa, amkalishe ndani, amfunze unyumba, asimame naye siku ya harusi. Na mimi maana hiyo naijua, nimekwenda harusi ngapi nikala pilau na somo wa bi harusi ameketi mbele yangu na kanga zake! Siku ile maana hiyo ilipita kichwani kwangu kama upepo dirishani.

Muda si muda simu ikaanza kutetemeka. Vigelegele. Mama mmoja alilia kweli kweli ndani ya voisi, akisema Mungu akulipe mwanangu, yule mtoto hana mama, tulikuwa tukijiuliza siku yake ikifika nani atamsimamia. Na mimi nikatokwa na machozi jikoni, nikisema jamani, kumbe watu wa shamba wanaipenda sayansi hivi. Mwengine akauliza kama ngoma itakuwepo. Nikadhani wanataka kutupokea wageni, nikaona nikikataa nitawavunja moyo, nikajibu, "Isiwepo vipi, mama? Shughuli bila ya ngoma ni shughuli?"

Bi Nasra aliponiuliza kama tangazo limefika nikamwambia limepokewa kwa vigelegele. Akacheka, akidhani ni msemo.

Jumamosi tukapakia laptopu, projekta na sanduku la taa na betri, tukashika njia ya kusini, mimi nimevaa baibui langu jipya na kiatu cha kisigino (kwa ajili ya kusimama mbele ya watu, ile ndoto), na tulipoingia uwanja wa skuli ndipo ilipolia ile du. Bi Nasra akazima gari, akaniuliza kama pana harusi karibu. Nikamwambia hapana, wanatupokea sisi, nikashuka nikitabasamu.

Ndani ya darasa madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, mikeka imetandikwa, udi unafuka, na kinamama wamevaa kanga za sare kama waliokubaliana wiki nzima. Wasichana wa skuli, na sare zao, wamebanana kwenye kona wanaziba vicheko kwa mitandio. Na katikati, juu ya mkeka mpya, amekaa somo yangu amefunikwa kanga mpaka kichwani, mikono imepakwa hina mpaka vifundoni, miguu vile vile. Akaifunua ile kanga kidogo akanitabasamia. Baadaye nilikuja kujua kwamba kinamama walimchukua tangu alfajiri, wakamwambia leo siku yako, somo yako anakuja, na yeye kwa kuwa somo yake ni mimi alifurahi, akakubali kila kitu, akidhani ndivyo watu wa kompyuta wanavyofanya mjini. Hakuuliza asije akaonekana mshamba.

Mwenye msondo alikuwa Bi Mwanahawa, kungwi wa kijiji, bibi mwembamba ambaye nusu ya wanawake waliokuwemo mle wamepita mikononi mwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananipima kuanzia kiatu.

"Wewe ndiye somo?"

"Naam, bibi, ndiye mimi."

"Umeolewa?"

"Bado."

Akawageukia wenzake kana kwamba mimi sipo. "Hajaolewa huyu. Sasa atamfunza nini mtoto wa watu, kukosha vikombe?"

Darasa likaangua kicheko, na kibaya zaidi kazi yangu ndiyo hiyo hasa. Bi Mwanahawa akamtazama Bi Nasra, aliyekuwa amesimama mlangoni na waya wa projekta begani, akamuuliza kama ndiye huyo fundi. Bi Nasra akasema ndiye, lakini yeye ni fundi wa umeme. Bi Mwanahawa akasema fundi ni fundi, aingie akae. Kisha akarudi kwangu, na safari hii hakuwa na mzaha, akaniuliza ni adabu gani niliyofunzwa kwetu ya kuja kucheza mwari mlangoni kwake bila ya kumpa hata salamu.

Mwari. Hapo ndipo neno langu liliponirudia na maana yake yote, nikawatazama wale kinamama na sare zao, nikamtazama mtoto na hina yake.

Na hapo, rafiki zangu, ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Ningesema pale pale, kwa lugha nyepesi, mama zangu nimekosea, mimi nimekuja na kompyuta, tungecheka tukamaliza. Lakini mimi nna maradhi ya kutotaka mtu avunjike moyo. Wale kinamama walikuja kwa mapenzi, mmoja wao ndiye aliyelia kwenye voisi, nilimjua kwa sauti yake, ameshika chupa ya mafuta ya karafuu mkononi. Nikaona niwageuze pole pole bila ya wao kujua kama wamegeuzwa. Nikasema ahsanteni kwa mapokezi, sasa mwari wetu atatuonesha kitu chake (nikasema mwari, mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu), nikakitoa king'ora cha mvua alichokuja nacho kwa ajili ya kuwaonesha wageni, nikakiweka juu ya mkeka, na badala ya tone moja nikakimiminia kata nzima ya maji.

Kikalia. Ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, kikalia kama kinachinjwa. Kinamama wakaruka, kisha mmoja akacheka, kisha mpiga ngoma wa pili, bibi mchangamfu, akakiitika kwa msondo, king'ora kinalia ngoma inajibu, wakainuka wawili, wakainuka watatu, darasa zima likainuka, na mimi nipo katikati na kata mkononi nnasema "subirini, subirini kidogo" bila ya kusikiwa na mtu.

Bwana Haji alipata habari dukani, alikokwenda kununua misumari. Mtu alimshika mkono akamwambia hongera, kumbe unaoza mtoto kimya kimya na sisi jirani zako hutwambii. Akapanda baskeli na saruji yake mwilini. Mlangoni hakuingia, yeye ni mtu wa heshima na shughuli ni ya wanawake, akazunguka akasukuma dirisha moja likafunguka, akasimama nje ya nondo, na nyuma yake mwalimu mkuu anahangaika, anasema aliombwa darasa kwa ajili ya kompyuta, mtoto wa skuli hachezwi ngoma, akiulizwa yeye atajibu nini?

"Nani anayemuoa mwanangu?" Bwana Haji akauliza.

Ngoma ikanyamaza. King'ora hakikunyamaza, na hakuna aliyejua kukinyamazisha isipokuwa mmoja. Zuwena akainuka na kanga yake kichwani, akainama, akachomoa waya mmoja kwa vidole vyenye hina. Kimya.

Nikaenda dirishani. Nikasema hakuna anayemuoa, baba, ni neno tu, mimi nilisema somo kwa maana ya jina.

"Na hina ni ya jina?" akaniuliza. "Na ngoma ni ya jina?"

Bi Mwanahawa hakutaka wenzake waonekane wamejitungia. Akamwambia mwanamke mmoja kijana aiweke ile voisi watu wote waisikie, na akaiweka, simu imeinuliwa juu. Jamani, kusikia sauti yako mwenyewe ikikuumbua. Ile asali yote ya jikoni ilikuwa inatiririka mle darasani na kila tone linaangukia pabaya. Nilimtazama Bi Nasra. Hakukunja uso, alikuwa anasikiliza tu, na nilitamani akunje. Sauti yangu ilipofika pale nnamchukua, nnakwenda kukaa naye ndani, akirudi hamtomjua, Bwana Haji aliegemeza kipaji cha uso kwenye nondo akafumba macho.

Voisi ikaisha. Bi Mwanahawa akanambia, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, "Ungesema mwalimu, mwanangu. Kwani neno mwalimu lilikwisha?"

Nikaeleza. Nilieleza kila kitu, nalia, kamasi zinanitoka, kuhusu projekta na mwanga na wavulana na mafunzo. Kinamama wakaelewa, wengine wakacheka, wengine wakainamisha vichwa, na yule aliyelia kwenye voisi akapiga magoti kwenye mkeka akaanza kuifuta mikono ya mtoto kwa upindo wa kanga yake, anafuta, anatia mate, anafuta. Lakini hina ikishakolea haifutiki.

Nikamwambia Bwana Haji, "Baba, tumefahamiana sasa. Mafunzo yake yapo pale pale, nafasi yake ipo."

"Nyinyi mliomo ndani mmefahamiana," akasema. "Na walioko nje? Mimi nshapewa hongera dukani. Mtoto ana hina mpaka vifundoni, kisha akaondoka kwenda kukaa mjini wiki mbili, nani ataamini kakwenda kusoma? Watasema Haji kamwoza mtoto wa skuli kwa siri." Kisha akasema bila ya ukali, na afadhali ungekuwepo ukali, "Nlikwambia nnaogopa midomo ya watu. Sikujua kama wa mwanzo utakuwa wako."

Akamwita mtoto wake. Zuwena akavua ile kanga, akaikunja vizuri kwa mkunjo wake, akamrejeshea mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha akapita kwangu. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari.

"Somo," akanambia, "kwani mimi nimefanya nini?"

Akatoka. Baba akaisukuma baskeli yake, naye akamfuata nyuma, mikono ameificha ndani ya mtandio.

Mafunzo ya siku ile yalifanyika. Bi Nasra alifunga dirisha, akawasha projekta, akasema tumekuja, tufanye tulilojia, akawagawia wasichana taa na betri na nyaya, na baada ya muda wakajisahau wakaanza kubishana nani taa yake imewaka kwanza. Kinamama hawakuondoka, hata Bi Mwanahawa alibaki, akauliza kama king'ora kile kinaweza kufungwa kwenye banda la kuku. Ilikuwa siku njema kwa kila mtu aliyebakia mle ndani. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi na viatu vyangu vya kisigino mkononi. Nafasi ya Zuwena aliipata mwenzake wa darasani, mtoto mpole, mwenye haki yake, na baba wa huyo alikubali bila ya maneno kwa sababu hapakuwa na mtu aliyempaka mwanawe hina.

Njiani kurudi nilingoja Bi Nasra anifukuze kazi. Alisema jambo moja tu, tulipokuwa tushakaribia mjini, macho yake barabarani. "Tangazo langu lilikuwa kavu, nnajua. Lakini maneno makavu hayatelezi, Zuwena."

Mama mdogo aliporudi kutoka Pemba nilimchukua tukaenda kwa Bwana Haji kuomba radhi. Alitupokea vizuri, akatupa maji, akasema yamekwisha. Nikajikaza nikamuuliza kuhusu mafunzo ya mwakani. Akasema in shaa Allah, hina ikishatoka midomoni mwa watu. Lakini mwakani Zuwena atakuwa kwenye mtihani na likizo hiyo hatokuwa nayo, najua mimi na anajua baba yake. Zuwena akatoka ndani kuja kutuamkia. Mikononi ilibaki rangi kidogo tu kwenye kucha. Akanipa mkono akasema, "Shikamoo, dada." Dada. Nikaitikia marahaba.

Basi nimeapa. Nikipewa tangazo nnalipeleka kama lilivyo, kavu, na neno langu nikitaka kulitia ndani yake nnamuuliza kwanza mtu wa pahala pale analisikia vipi. Wasichana bado nnawatakia kuruka, hilo sijaliacha na sitoliacha, nasimama mlangoni na sinia langu kama zamani. Nilichoacha ni kumwahidi mzazi kitu ambacho kimo mikononi mwa watu wengine. Na neno somo, kwa mtoto yeyote, silitamki tena mpaka niolewe na niwe mtu mzima na niitwe kwa kazi yake.

Siku yale mafunzo ya wiki mbili yalipoanza nilirudi nyumbani jioni, na chumbani kwangu lile godoro tuliloazima kwa jirani wa ghorofa ya chini kwa ajili ya Zuwena lilikuwa bado limetandikwa, na mto, na shuka niliyoifukiza udi. Siku zote zile nilikuwa nnalipita. Mama alikuwa hayupo. Nikaitoa shuka nikaikunja, nikalikunja godoro nikalifunga kamba, likanishinda mlangoni nikalisukuma kwa goti, nikajitwika kichwani nikashuka nalo ngazi za Michenzani, nnapapasa kwa mguu kila daraja kwa sababu mbele sioni. Nikagonga, jirani hakuwepo. Nikaliegemeza ukutani kando ya mlango wake, nikalipangusa vumbi la ngazi kwa upindo wa kanga yangu, nikapanda juu.